Bidoni ya Mdomo Mwembamba

Bunia, tarehe 12/10/2025

Yaya Yannick,

Nakusalimia sana, na siye wote wa nyumbani tunakusalimia. Tuko wazima. Goti la Papa linamsumbua wakati wa mvua, na mvua ya mwaka huu imeamua kukaa na siye. Mama iko salama. Amepanda lengalenga nyuma ya jikoni, upande wa ukuta wa parokia, na kuku wa jirani wanaijua bustani ile kuliko wenye nyumba.

Barua hii nampa Gustave wa lori ya samaki. Sina njia nyingine. Shule yetu haikubali wanafunzi wawe na simu, na weye unaita Mama kwa simu kila Jumapili mchana, saa ambayo mimi naimba kwenye korale. Nikirudi, Mama ananiambia, "Yaya yako anakusalimia," halafu anaendelea kuchambua majani ya sombe akiwa na uso wa mtu aliyeshiba. Mama anapata sauti yako, mimi napata karatasi yenye harufu ya samaki. Silalamiki. Naeleza tu.

Sasa neno lenyewe. Jina langu liko kati ya wale watakaosikilizwa na masista wa Kisangani kwa ajili ya bursi, msaada wa karo ya kusomea umeme na kompyuta. Bunia yote imepewa nafasi moja. Mwezi wa pili watatuuliza maswali kwa sauti na picha, kupitia wifi uliyofunga katika chumba cha kusomea cha parokia kabla ya kwenda Mahagi-Port. Prof wetu wa shuleni, Madamu Suzanne, ametuonya kwamba masista hawarudii swali. Sauti ikikatika, wao wanafikiri ni akili iliyokatika.

Na rezo ya wifi ile, Yaya, imekuwa mbaya. Chumba kinajaa kila jioni. Mmoja anavuta filamu, mwingine nyimbo, na sisi wenye mazoezi tunabaki kutazama kiduara kinachozunguka. Juzi tulijaribu kuongea na Madamu Suzanne, yeye akiwa nyumbani kwake. Uso wake ulisimama mdomo wazi kama samaki wa Gustave, na sauti ikaja baadaye, vipandevipande.

Watu wanamlilia Dominique, kwa sababu yeye ndiye anayejua neno la siri la boksi la wifi. Anafungua kompyuta, anagusa hapa na pale, mgongo umenyooka kama mke wa mkubwa. Najua alikimbia vita ya Djugu na shangazi yake, na kwamba wanaishi kambini chini ya hema. Najua ana akili. Yeye pia yuko kwenye orodha ya Kisangani. Siandiki haya kwa wivu. Nauliza kama mtu yeyote angeuliza: ulitufundisha sisi wawili kwenye meza moja, na mimi ndiye dada yako. Kwa nini neno la siri ulimpa yeye?

Swali lingine dogo. Madamu Suzanne anasema boksi liko mahali pabaya, kwenye ukuta wa nyuma, juu ya viti vilivyovunjika, badala ya katikati ya chumba. Dominique alijifanya hasikii. Mimi nilimjibu kwamba Yaya yangu anajua alichofanya. Lakini ulifanya nini?

Mimi dada yako,
Arlette


Mahagi-Port, tarehe 26/10/2025

Mudogo wangu Arlette,

Salamu kwako, kwa Papa na goti lake, kwa Mama na lengalenga yake. Niko mzima. Upepo wa ziwa ulilegeza antena zetu, na nimepanda minara mpaka mapaja yanatetemeka hata nikiwa nimelala. Mama mwenye nyumba ananipikia samaki asubuhi, mchana na jioni. Nikirudi Bunia nitaomba maharage.

Hongera kwa habari ya Kisangani. Niliwasomea wenzangu wa kazi mistari ile. Wakasema, "Huyu dada yako atakuja kututoa kwenye kazi." Nikawaambia wajiandae.

Juu ya rezo, sikiliza. Unaijua robine ya maji ya mtaa wetu. Kila mtu anajaza bidoni moja, anampisha anayefuata, na wote wanasema ni haki. Lakini katika foleni yuko mwenye bidoni ya mdomo mwembamba. Lazima maji yaingie polepole, la sivyo yanamwagika. Bidoni yake ni moja kama za wengine, lakini anaishika robine muda ambao wengine wangejaza tano. Foleni yote inalala nyuma yake. Hewa ya wifi ni robine moja, na kwa wakati mmoja anasema mmoja tu. Simu iliyo karibu na boksi inasema haraka na kupisha. Simu iliyo mbali, au iliyozeeka, inasema polepole. Ukiwapa wote zamu sawa, ile ya polepole inakula saa za wote, na wala si kosa lake.

Tena, si kila maji yana haraka moja. Anayechotea mtoto mwenye homa na anayechotea kuosha pikipiki hawalingani. Sauti ya mtu ni mtoto mwenye homa: ikicheleweshwa kidogo, imeharibika. Filamu ni pikipiki, inaweza kungoja na matope yake.

Zungumza haya na Dominique. Anajua nusu, na weye unajua nusu.

Boksi liacheni pale lilipo. Kebo iliishia pale.

Mvua inakuja juu ya maji na madirisha yangu hayana vioo. Naishia hapa.

Yaya yako,
Yannick


Bunia, tarehe 16/11/2025

Yaya Yannick,

Amani iwe nawe huko kwenye upepo. Papa anatembea vizuri kidogo, amepata dawa ya kupaka kutoka Nyankunde, na sasa nyumba nzima inanuka kama dispensari. Mama anakusalimia. Kuku wamekula lengalenga yote, amepanda tena.

Nimeisoma barua yako pande zote mbili za karatasi. Umejibu maswali yangu yote isipokuwa moja. Na juu ya kebo, nilikwenda kuangalia. Haikuishia pale. Imekunjwa nyuma ya viti, ndefu ya kutosha kufika katikati ya chumba na kurudi. Sitauliza tena.

Nataka ujue kwamba mfano wa robine umetusaidia sana. Kamati ya chumba ilikutana baada ya misa, Padri Antoine akiwa mbele, Papa naye kwenye kiti chake cha mjumbe. Niliomba nafasi ya kusema. Nilieleza bidoni ya mdomo mwembamba kama ulivyoeleza, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha nikasema dawa yake: simu zote ambazo rezo inazifikia kwa udhaifu zitoke kwenye foleni. Boksi lina mpango wa kuzikataa, weye mwenyewe ulituonyesha. Chumba ni cha wanafunzi, na mwanafunzi anakaa ndani ya chumba. Simu iliyo mbali ni ya mtu anayeiba kupitia ukutani.

Dominique peke yake ndiye alipinga.

"Kuna simu moja ya mbali," alisema. "Haisumbui. Inaongea kidogo tu, halafu inanyamaza."

"Ya mwanafunzi gani?" nikamwuliza.

Akaniangalia. Akamwangalia Papa. "Sijui," akasema.

"Mwenye funguo hajui nani amelala ndani ya nyumba?"

Watu walicheka, na Papa pia alicheka. Nilifikiri kwamba simu ile ni ya shangazi yake, na nikaona kwamba anataka kuwapendelea watu wake. Padri aliuliza nani anakubali, mikono ikapanda. Dominique alifungua kompyuta yake na kufanya kazi ile mbele ya wote.

Yaya, sasa rezo ni kama maji ya mlimani. Madamu Suzanne alinihoji kutoka nyumbani kwake na nikaona mpaka mjusi aliyekuwa kwenye ukuta wake. Unafikiri alisema nini mwishoni? "Mumshukuru Dominique, ameitengeneza vizuri."

Neno moja zaidi, na hili pia silisemi kwa wivu. Siku chache kabla ya kamati nilirudi nyumbani mapema, nikamkuta Dominique jikoni, kwenye kiti changu cha chini, Mama akimsuka nywele karibu na dirisha. Walikuwa wanacheka. Nilipoingia walinyamaza, na Mama akafunika kitu kwa kitenge. Mama hajanisuka tangu nilipoanza masomo ya sekondari, humanité. Anasema mimi ni mkubwa. Dominique amenizidi umri kwa miezi.

Gustave anasema barabara ya upande wa Djugu si nzuri wiki hii. Ataichukua barua, lakini hajui ataondoka lini.

Arlette


Mahagi-Port, tarehe 7/12/2025

Mudogo wangu,

Salamu zangu zikukute mzima. Huku niko salama mwilini. Lori hazifiki, soko la samaki limejaa samaki wasio na mahali pa kwenda, na barua yako sijapata. Hii nampa mtu anayepita njia ya mzunguko.

Nieleze, Mama iko namna gani? Nauliza kwa sababu ninaita na simu hailii. Nilifikiri ni huku kwetu, nikapanda mnara mimi mwenyewe kuangalia. Huku kuko sawa. Nimejaribu Jumapili baada ya Jumapili. Je, ni mgonjwa? Kuna neno nimesema lililomkasirisha? Mwangalie vizuri kisha uniandikie. Usimwulize mbele ya Papa.

Je, ndani ya chumba kuna kitu kimebadilishwa?

Nijibu upesi kuliko ulivyozoea.

Yannick


Bunia, tarehe 20/12/2025

Yaya Yannick,

Tunakutakia Noeli ya amani. Korale yetu imeshona vitenge vipya, vya kijani, na mimi nitaimba peke yangu mistari miwili. Barua yangu ya mwezi uliopita imerudi mikononi mwa Gustave mwenyewe, kwa kuwa lori yake ilikwama njiani siku zote hizi. Naituma pamoja na hii. Humo utasoma kilichobadilishwa ndani ya chumba. Ni mambo mazuri.

Mama si mgonjwa. Lakini hakutaji. Zamani, tukila, alisema, "Yannick angependa hii." Sasa anaacha nafasi ya maneno yale ikiwa tupu, na siye tunaisikia. Jumapili anakaa kwenye dirisha la jikoni, mikono ndani ya kitenge, hachambui chochote. Nilimwuliza tulipokuwa peke yetu.

"Yaya yako amepata wake," alisema.

"Wake gani, Mama?"

"Mahagi-Port iko na wanawake wazuri. Wanajua kupika samaki. Mwache."

"Labda simu yake imekufa."

"Simu ya mwanaume haifi. Inahama tu."

Nilitaka kukutetea, na nilikutetea. Lakini nitakuandikia kitu ambacho sikumwambia mtu, kwa kuwa weye uko mbali na huwezi kuniangalia. Mwanzoni nilifurahi kidogo. Tangu uliponyamaza, Jumapili ni zangu. Nikitoka kwenye korale, Mama ananiambia nikae kwenye kiti cha chini, na ananisuka polepole, na kunivuta sikio nikitikisika. Dominique haji tena. Tangu siku ya kamati hajaingia kwetu. Mama anamwulizia, mimi nasema ana kazi nyingi.

Lakini Mama akinisuka anaangalia nje, kuelekea ukuta wa parokia. Sijui anaangalia nini, pale hakuna kitu.

Arlette


Mahagi-Port, tarehe 4/1/2026

Arlette,

Mwaka mpya mwema kwenu wote. Barua zako mbili zilifika siku moja. Nilisoma ile ya pili kwanza, kisha ile ya kwanza, kisha nikakaa chini.

Simu ya mbali ni ya Mama.

Ni ile simu yangu ya zamani niliyomwachia. Mahali pa kadi pamevunjika, haishiki laini yoyote. Inashika wifi tu, na inaishika pale tu, kwenye dirisha la jikoni. Ndiyo sababu boksi liko kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoelekea jikoni kwetu. Nililipeleka karibu na Mama kadiri kebo ilivyoniruhusu, na Padri nilimwambia uongo wa kebo, na weye pia. Papa hajui kwa sababu ni mjumbe wa kamati. Angemkataza Mama, au angetoka kwenye kamati. Unamjua.

Umeuliza kwa nini neno la siri nilimpa Dominique, na nimekukwepa. Anayelijua anaona simu zote zilizo kwenye rezo. Ungeiona ya Mama siku ya kwanza. Weye ungesimama kwenye kamati na kusema, au ungebeba siri ile peke yako. Dominique niliweza kumwomba aiache ile simu ipite, kwa sauti tu, kidogo. Weye sikuweza kukuomba. Sikuona kwamba una upungufu. Nilikuwa nakuogopa.

Niliwafundisha haki ya foleni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwingiza Mama kupitia mlango wa nyuma. Basi sina mdomo wa kukugombeza. Lakini hukunielewa juu ya bidoni. Sikusema itupwe. Aliye na mdomo mwembamba anapewa dakika sawa na mwingine, si bidoni sawa. Dakika zake zikiisha, anapisha, amejaza alichojaza. Wa haraka hawamngoji tena, naye hafukuzwi. Boksi linajua kufanya hivyo. Dominique anajua kulielekeza kugawa muda. Weye uliwahi kuniuliza habari ya kutanguliza sauti, na uliielewa kabla yangu. Hizo ndizo nusu mbili.

Mwambie Mama kwamba hapa hakuna mwanamke. Kuna mama mwenye nyumba tu, na ana wajukuu.

Yannick


Bunia, tarehe 25/1/2026

Yaya,

Papa anakusalimia. Kwa nini nimetaja Papa peke yake, utaona.

Barua yako ilinifikia siku ya Ijumaa, na Jumapili iliyofuata Mama alinisuka tena. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwa na barua yako ndani ya blauzi na sikusema neno. Nilitaka Jumapili moja zaidi. Nilijua kwamba nikisema, kiti kitarudi kuwa cha mtu yeyote. Uliandika kwamba mimi ningesimama na kusema. Hukujua kila kitu.

Kesho yake nilikwenda kambini kumtafuta Dominique. Alikuwa anakaza kamba za hema.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ungesema tu kwamba ni ya Mama."

"Mbele ya papa yako? Mbele ya watu wote, wakati weye umekwisha kuita mtu ule mwizi?" Alivuta kamba. "Shika hapa. Usilegeze."

Nikashika. "Na kwa nini hukuja kumwambia Mama kwamba amefungwa?"

"Ningemwambia amefungwa na nani? Na mutoto wake? Niliona afadhali afikiri simu imezeeka. Sikujua atafikiri mambo ya wanawake wa Mahagi." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mimi sina mama wa kuniita, Arlette. Pale jikoni nilikuwa nakwenda kusikiliza namna mtu anavyoongea na mutoto wake. Hicho tu. Sikukuchukulia kitu."

Niliendelea kushika kamba hata baada ya kufungwa.

Tuliandika mpango wote kwenye karatasi, yeye sehemu ya kugawa muda, mimi sehemu ya kutanguliza sauti na kuchelewesha filamu. Kwa kweli ni mzuri kwa kazi hii. Mimi pia. Lakini kulifungua boksi tena kwa siri sikutaka. Tulikwenda kwenye kamati. Nilisimama pale niliposimama mara ya kwanza, nikasema, "Simu ya mbali ni ya mama yangu. Mimi niliomba ifungwe bila kujua. Yaya yangu aliiweka bila ruhusa. Tunaomba ruhusa sasa."

Papa aliangalia viatu vyake. Kisha mama mmoja wa Djugu aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Kama mama wa Arlette anaweza kusikia mutoto wake, mimi wangu yuko Aru. Nitapanga foleni wapi?"

Madamu Suzanne alisema mama yule ameuliza swali zuri kuliko yote ya mwaka huu. Mwishowe wamekubali hivi: Jumapili mchana chumba ni cha wazazi, sauti tu, bila picha, muda sawa kwa kila mtu. Siku nyingine ni cha wanafunzi, na simu dhaifu hazifukuzwi, zinapewa muda wao. Mmoja wa wavulana wa filamu alinung'unika kwamba sasa atamaliza filamu moja kwa mwezi. Dominique akamwambia, "Utaikumbuka vizuri."

Papa hakusema na Mama siku nzima. Jioni alichukua kiti cha mbele ya nyumba, akakiweka jikoni, karibu na dirisha, na kumwambia, "Kaa juu. Kile cha chini kinakuumiza mgongo."

Mama nilimwambia mwenyewe. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Basi hakuna mwanamke?" Nikasema kuna bibi mwenye wajukuu. Mama akasema nywele zangu hazijaisha, nirudi nikae. Salamu zake atakupa mwenyewe ukiita.

Mahojiano ni tarehe saba ya mwezi wa pili, siku ya Jumamosi. Mimi saa nne, Dominique baada yangu. Sasa simu dhaifu ziko kwenye foleni tena, na sijui sauti yangu itapita namna gani. Nimejaribu kuomba Mungu kwamba tupate sote wawili, lakini nafasi ni moja na Mungu anajua hesabu. Kwa hiyo naomba tu sauti isikatike. Yangu na yake. Yake naiomba baadaye kidogo.

Arlette


Mahagi-Port, tarehe 8/2/2026

Mudogo wangu,

Salamu. Unisamehe. Jana sikuweza kungoja. Nilifikiri saa nne imekwisha kupita, nikamwita Mama kumwuliza imekwenda namna gani, naye akasema, "Ndiyo kwanza ameanza, namsikia kupitia ukutani," halafu badala ya kukata simu akaanza kunieleza kuku. Nilimwambia akate. Alisema, "Muda ni sawa kwa wote, Padri amesema."

Kama nimekuharibia, niandikie kwa ukali. Nastahili.

Yannick


Bunia, tarehe 15/3/2026

Yaya Yannick,

Nakusalimia, na Papa na Mama wanakusalimia pamoja, kwa sauti moja, kwa kuwa wanakaa dirishani wote wawili sasa. Lengalenga imeshinda kuku. Mama amekutumia iliyokaushwa, iko kwa Gustave, imefungwa mbali na samaki.

Hukuniharibia. Sista alikuwa ameniuliza kwa nini msichana anataka kusomea nyaya, na katikati ya jibu langu nikasikia Mama anacheka nyuma ya ukuta. Nikajua ni weye. Niliangalia uso wa Sista nikingoja usimame. Haukusimama. Sauti yangu ilikwenda, na ya Mama ilikwenda, na wavulana wa filamu waliona kiduara kinazunguka. Kwa pumzi moja nilisahau swali. Nilikuwa nawaza kwamba Mama hajawahi kucheka vile na mimi. Halafu nikaendelea kujibu. Nilimweleza Sista habari ya robine na bidoni, na jinsi nilivyokosea kwanza.

Barua ya Kisangani imefika. Nafasi wamempa Dominique.

Niliisoma mara ya pili kuona kama majina yamegeuzwa. Hayakugeuzwa. Chini wameandika kwamba mimi nimefika wa pili, kwamba mwakani wataleta tena nafasi moja Bunia, na kwamba nisiache kuomba. Nililia nyuma ya jikoni, kati ya lengalenga, na Dominique alinikuta pale. Hakuniambia pole. Alisema, "Nitaondoka baada ya Pasaka. Njoo nikuonyeshe boksi." Mbele ya Padri alinipa neno la siri, nikalibadilisha, kama ulivyotufundisha kufanya mtu anapoondoka.

Basi nimepata nilichokuwa natamani tangu mwezi wa kumi, nami nimekipata kwa sababu mwenzangu amepata kilicho kikubwa zaidi. Kila simu kwenye rezo ina jina ambalo mwenye funguo ameiandikia, ili aijue. Simu ya shangazi yake Dominique ameiita "Hema". Ya Mama ameiita "Mama", basi, bila neno lingine. Nilikaa muda nikiangalia, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nilitaka kuandika "Mama ya Arlette". Nimeiacha.

Sauti yangu kwenye korale nimempa mwingine. Jumapili mchana niko chumbani, naangalia foleni ya wazazi. Mama wa Djugu anaongea na Aru na kulia kidogo, anaondoka akiimba. Weye unapoita, mstari wa simu ya Mama kwenye kompyuta unaamka na kucheza polepole, mwembamba. Naona kwamba mnaongea, sisikii mnachosema. Wivu upo, Yaya, sitaandika tena kwamba haupo. Nimeupa muda sawa na mambo mengine. Ukimaliza muda wake, unapisha.

Jumapili ijayo, ukimaliza na Mama, usikate. Atapitisha simu dirishani, na mimi nitatoka nyuma ya chumba, ninyooshe mkono juu ya ukuta niipokee. Nimejaribu, nafika.

Arlette